Tunguu la Yungiyungi Garissa? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Kama uko kwenye kundi lolote la WhatsApp la kilimo au la biashara ndogo, huenda umeshakutana na ile video. Mtu anachimba udongo mweusi, anatoa tunguu jeupe lenye magamba kama kitunguu saumu kilichonona, analimenya gamba kwa gamba, analitia kwenye supu. Chini kuna maneno: chakula cha bei ghali Asia, panda nyuma ya nyumba, weka oda leo. Halafu namba ya simu.

Hilo ni tunguu la yungiyungi, lile ua kubwa la harusini na mazishini. Na kwa sababu kazi yetu sisi ni pesa zinazotembea kwa simu, swali linalotufikia si "linapikwaje?" Swali ni "nitume?" Tumeamua kulijibu sawasawa. Jibu lina upande wa shamba na upande wa simu, na ukiuelewa ule wa shamba, wa simu unajijibu karibu wenyewe.

Kuliwa linaliwa. Shida ni wapi

Tuseme ukweli: si uongo kwamba yungiyungi ni chakula. Wachina wamekula matunguu yake kwa karne nyingi, na eneo la Lanzhou linasifika kwa aina yake tamu. Wajapani nao wanalima kisiwa cha Hokkaido, kule kaskazini.

Sasa angalia hayo majina mawili. Lanzhou ni nyanda za juu zenye baridi. Hokkaido hufunikwa na theluji miezi kadhaa kila mwaka. Mmea huu unahitaji kipindi cha baridi ili ulale, upumzike, kisha uamke na nguvu za kujaza tunguu jipya. Garissa mjini, ambapo mchana ni digrii 30 na kuendelea karibu mwaka mzima, huo usingizi utaupata wapi? Juu ya hayo, kutoka kipande kidogo hadi tunguu la kuuza ni kazi ya miaka, mitatu au zaidi. Anayekuambia miezi mitatu anauza kitu kingine.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Si kila ua linalofanana na yungiyungi linaliwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna ua la porini linalotambaa na kushika miti kwa ncha za majani yake, petali zake nyekundu na njano zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Kitaalamu linaitwa Gloriosa superba. Mizizi yake minene unaweza kudhani ni kiazi kikuu kichanga, lakini ina sumu kali iitwayo kolchisini, na watu wamekufa kwa kuila wakidhani ni chakula. Kwa hiyo mtu akikutumia kwa basi gunia la "matunguu ya yungiyungi ya kienyeji", hujui ni nini umepokea, na jikoni si mahali pa kufanyia utafiti. Hata yale mayungiyungi halisi ya dukani yalikuzwa kwa ajili ya vazi la meza, yakapuliziwa dawa za maua, si za mboga. (Na kama una paka nyumbani, mmea huo una sumu kali sana kwake, majani hadi chavua.)

Yungiyungi wa majini ni habari nyingine kabisa. Kule mabwawa ya Sudd, Sudan Kusini, watu hula mbegu na vishina vyake hasa wakati wa njaa. Ila huyo anataka bwawa, na ukiwa na maji ya kujaza bwawa Garissa, una mambo bora ya kufanya nayo.

Kisha kuna sheria. Tunguu la kupanda likitoka nje ya nchi linahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, na kibali hicho hutafutwa kabla mzigo haujasafiri. Mwuzaji wa WhatsApp anayesema "mzigo uko njiani kutoka China, tuma nusu" muulize kibali tu. Swali hilo moja linatosha kupunguza maringo yake.

Binamu yake unamjua vizuri

Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Katika vitabu vya zamani vya mimea, kitunguu maji kiliwekwa ukoo mmoja na yungiyungi. Siku hizi wataalamu wamekihamisha ukoo, lakini tabia ni zile zile: tunguu chini, majani juu, chakula kimewekwa akiba ardhini. Yaani ukitaka tunguu la kula kwenye bustani ya nyumbani huku kwetu, jibu umekuwa ukilikata kila jioni kabla ya kukaanga nyama.

Na vitunguu si wageni hapa. Kando ya Mto Tana, pande zote mbili, Garissa na Madogo, kuna mashamba ya ndizi, maembe, mapapai, matikiti, nyanya na vitunguu. Mandera wanalima vitunguu kando ya Mto Daua. Bado vitunguu vingi vinavyoliwa Kenya huvuka mpaka kutoka Tanzania, na kila mtu anakumbuka mwaka 2023 bei ilivyopaa hadi watu wakawa wanapika bila kitunguu na kujifanya hawajaona tofauti. Kwa hiyo tunapozungumzia tuta dogo nyuma ya nyumba, hatuzungumzii utajiri. Tunazungumzia kutonunua kitunguu miezi kadhaa, na pengine kuuza kidogo.

Lakini ni kitunguu gani? Hili wengi hawaambiwi. Kitunguu huanza kujaza tunguu kikihesabu urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya zinasubiri mchana wa saa 14 au zaidi. Garissa iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12, Januari hadi Disemba. Panda aina ya Ulaya hapa nawe utavuna majani tu, marefu, mazuri, ya kupigia picha. Unahitaji aina za mchana mfupi. Red Creole ndiyo inayojulikana zaidi na inakaa ghalani vizuri, na Bombay Red pia inafanya kazi. Zipo na chotara za bei ya juu, ila kwa tuta la nyumbani hatuoni haja ya kuanza na hizo.

Vitunguu saumu je? Navyo vinataka baridi. Waachie watu wa nyanda za juu.

Hesabu ya maji, kabla ya hesabu ya faida

Makala nyingi za kilimo huanza na faida kwa ekari. Kaskazini Mashariki tunaanza na mtungi.

Chukua tuta la mita 5 kwa 4, yaani mita 20 za mraba. Ukipanda miche kwa nafasi ya sentimita 10 ndani ya mstari na sentimita 30 kati ya mistari, inaingia kama miche 660. Toa robo kwa ajili ya wadudu, jua, watoto na mbuzi wa jirani. Inabaki kama 495. Kila kitunguu kikiwa na gramu 80, ambayo si ndoto, utapata kama kilo 40. Kwa bei ya mfano ya shilingi 100 kwa kilo, hiyo ni 4,000.

Sasa maji. Kwa joto letu tuta hilo litataka takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 100, mitungi mitano ya lita 20. Tuseme unanunua kwa mkokoteni wa punda, mtungi shilingi 20. Ni shilingi 100 kwa siku, na kitunguu kitakaa shambani kama siku 100 baada ya kuhamishwa. Umeshatumia 10,000 kuvuna cha 4,000.

Rudia hesabu hiyo kwa bei ya mtaani kwako, lakini kwa wengi jibu litabaki lile lile: kama maji unanunua kwa mtungi, usipande tuta la mita 20. Hapa tunajua tunawakatisha watu tamaa kidogo. Afadhali tuwakatishe sisi bure kuliko punda awakatishe kwa pesa.

Ila subiri. Kuna maji ambayo tayari yako nyumbani na yanamwagika kila siku: maji ya udhu. Hayana sabuni, hayana mafuta. Watu watano wakitawadha mara tano kwa siku, kila mmoja lita mbili, ni lita 50. Weka beseni au mfereji mdogo pale watu wanapotawadhia, na una maji ya kutosha mita 10 za mraba hivi bila kununua hata tone. Hapo utapata kama kilo 20 kwa hesabu ile ile. Ya kuoshea mchele na mboga yanafaa pia. Ya kufulia yaache, sabuni na chumvi zake hujikusanya ardhini, na kitunguu ni miongoni mwa mazao yanayoteswa haraka na chumvi.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia maji ya kisima. Mbali na mto, visima vingi vya huku vina chumvi. Kama udongo wako ukikauka unabaki na utando mweupe juu, au ncha za majani ya mimea mingine zinaungua kahawia bila sababu, usianze na kitunguu.

Nafasi ndogo nayo si kisingizio. Kule kambi za Dadaab, watu wamelima kwa miaka kwenye magunia yaliyosimama, mawe katikati ya kupitisha maji, mboga juu na ubavuni. Kitunguu kitakubali juu ya gunia. Ubavuni weka sukuma wiki.

Kutoka mbegu hadi neti

Msimu kwanza. Kitunguu hakipendi mvua kikiwa kinakomaa, hukioza shingo. Ukimwaga mbegu kitaluni kati ya Aprili na Mei, utahamisha miche Juni, itakua wakati wa hagaa ambapo joto limepungua kidogo, na utavuna Septemba au mwanzo wa Oktoba kabla mvua za deyr hazijaanza. Ukianzia Novemba, mavuno yanaweza kugongana na mvua za gu'. Wenye shamba la mtoni wana hesabu nyingine zaidi: Masinga likijaa na mabwawa yanayofuata yakifurika, maji hushuka hadi Garissa hata kama hapa hakujanyesha. Mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, mashamba yalikwenda na maji na barabara ya Garissa hadi Madogo ikakatika. Nyuma ya nyumba kuna faida hiyo moja: tuta lililoinuliwa sentimita 15 au 20 halisubiri habari kutoka Masinga.

Mbegu ni ndogo sana. Gramu moja ina kama mbegu 250 hadi 300, kwa hiyo kwa miche 660 paketi ndogo kabisa dukani inakutosha na kubaki. Usishawishiwe kununua kopo kubwa "kwa sababu ni rahisi". Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka, na kwa joto letu ile iliyobaki mwaka ujao itaota nusu au isiote. Afadhali mgawane paketi moja majirani watatu.

Ukinunua, tafuta paketi yenye kibandiko cha KEPHIS. Unakwaruza, unapata namba, unaituma kwa SMS kwenda 1393, na unajibiwa kama mbegu ni halali. Kwaruza ukiwa bado dukani, usisubiri ufike nyumbani. Mwenye duka wa kweli hatakasirika.

Kitalu kiwe kivulini, chini ya neti au makuti. Chora mistari, mwaga mbegu kina cha sentimita moja hivi, funika na nyasi kavu, nyunyiza asubuhi na jioni. Zikichomoza baada ya siku 7 hadi 10, ondoa nyasi. Miche hukaa hapo wiki 6 hadi 8, hadi inene kama penseli. Huku nje tayarisha tuta kwa samadi ya mbuzi. Tunayo ya kutosha, Garissa ina moja ya masoko makubwa ya mifugo nchini, lakini iwe imeoza kabisa. Samadi mbichi inaunguza na inaleta magugu.

Hamisha jioni, siyo mchana. Panda juu juu. Kitunguu kikizikwa sana kinakuwa chembamba kama kidole. Weka nyasi kavu kati ya mistari upunguze maji yanayopotea kwa jua. Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi wa mtaani hasomi blogu.

Mdudu wa kuogopa zaidi ni thripsi, kadogo, ka rangi ya njano au kahawia, kanajificha pale majani yanapokutana. Ukiona majani yana michirizi ya rangi ya fedha, ndiyo huyo, na wakati wa kiangazi huzaana vibaya. Kwa tuta dogo, kunyunyizia maji kwa nguvu katikati ya majani na kung'oa yaliyozidiwa kunasaidia. Ukilazimika kutumia dawa, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Unalisha familia yako.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, acha kumwagilia. Vuna shingo za mimea mingi, kama robo tatu, zikiwa zimelala zenyewe. Usizikanyage ili zilale. Tunajua wanaofanya hivyo.

Sasa upande wa simu

Pesa za tuta zinapotea sehemu tatu hivi, na moja tu kati ya hizo ni ya wadudu.

Ya kwanza ni dipoziti. Tuseme kuna mama anakaa Bulla Iftin. Ameona tangazo la matunguu, amepiga, na mazungumzo yanaenda hivi:

"Dada, zimebaki paketi nne tu. Tuma elfu tatu sasa nikuwekee."

"Walaal, nitalipa mzigo ukifika."

"Kampuni hairuhusu, dada. Tuma hata elfu moja ya usafiri."

"Duka lenu liko wapi? Nina mtoto wa ndugu yangu Nairobi, atapitia."

Na simu ikakatika.

Tunapenda jinsi alivyojibu. Hakugombana, hakumwita mtu mwizi. Aliuliza tu mahali. Angalia pia jinsi bei ilivyoshuka kutoka elfu tatu hadi elfu moja ndani ya pumzi mbili. Mwuzaji wa bidhaa hupunguza bei ya bidhaa, tapeli hupunguza kiasi cha kutuma. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama tangazo linasema kampuni ya mbegu na jina linalotokea ni la mtu binafsi asiyejulikana, rudi nyuma. Biashara halisi huwa na till. Ukishatuma na ukagundua kuna kitu, piga huduma kwa wateja hapo hapo, dakika hizo hizo, maana pesa ikitolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Aibu isikucheleweshe, wanaopokea simu wamesikia yote.

Ya pili inakuja wakati wa kuuza. Umevuna, una neti mbili za ziada, mtu wa hoteli anataka zote. Anakuonyesha simu yake, "nimeshatuma, si uone." Au ujumbe unaingia kwako unaofanana kabisa na wetu. Usiangalie ujumbe, angalia salio. Ujumbe mtu anaweza kuuandika, salio hawezi. Picha ya skrini siyo malipo. Dakika kumi baadaye kuna yule mwingine atakayepiga akilia kwamba ametuma kwako kimakosa, umrudishie. Usirudishe kwa mkono. Mwambie apige huduma kwa wateja, tutashughulikia kwa utaratibu, na kama ni kweli atapata pesa yake. Namba ya siri hakuna mtu anayeihitaji, hata sisi. Akitaja kampuni yetu na akakuita jina lako kamili, bado hapana.

Ya tatu haina tapeli ndani yake. Ni pesa kuchanganyika. Umeuza vitunguu vya 600 leo, jioni umenunua unga, kesho umemtumia abti nauli, na mwisho wa msimu huwezi kusema kama tuta lilikulipa au lilikula. Ushauri wetu ni mdogo: pesa yoyote ya tuta, ya kuingia na ya kutoka, ipite kwenye simu, hata kama ni mia. Kisha mwisho wa msimu omba taarifa ya akaunti na kalamu uikalie nusu saa. Taarifa hiyo haikopeshi wala haibishani. Na ukinunua vitu vidogo vidogo, vikusanye ulipe mara moja. Kutuma mara tano kidogo kidogo kunaweza kukugharimu ada kuliko kutuma mara moja.

Kwa wanaolima wengi pamoja, tayari mna chombo bora kuliko programu yoyote tunayoweza kuwatengenezea. Ayuuto, au hagbad kama wengine wanavyoiita. Haina riba, watu wanajuana, na zamu inajulikana. Tunaona vikundi vinavyotuma michango kwa simu kwa mweka hazina na kuandika kwenye daftari pia, na tunapendekeza vyote viwili: simu inahifadhi tarehe, daftari linahifadhi nani alimchangia nani kwa sababu gani. Paketi ya mbegu, neti ya kivuli, hata tangi la kukusanyia maji msikitini, hivyo ni vitu vya zamu moja ya ayuuto. Anayepokea zamu Machi au Aprili ndiye wa kununua mbegu. Panga hivyo mapema, kabla msimu haujawapangia.

Vikishatoka ardhini

Usivioshe. Vitandaze kivulini penye upepo siku 7 hadi 14 hadi shingo zikauke na maganda ya nje yawe makavu yanayopasuka. Jua la moja kwa moja la Garissa litavipika. Kisha kata majani ubakishe sentimita mbili tatu, weka kwenye neti, tundika juu penye hewa, mbali na jiko na mbali na mtungi wa maji. Plastiki hapana kabisa.

Vyenye shingo nene, vilivyochubuka au vilivyopasuka mara mbili, weka pembeni na uvile kwanza, havitafika mbali. Vilivyobana vizuri vinaweza kukaa miezi mitatu hata zaidi ikiwa ni Red Creole. Pitia neti kila Ijumaa, minya moja moja, toa laini, maana kimoja kikioza kinaambukiza majirani zake. Na kama unataka kuuza, tenga kwa saizi kabla ya kwenda Suuq Mugdi. Mnunuzi akiona vidogo na vikubwa vimechanganywa, bei anayokupa ni ya vidogo.